Uji wa Makinda

Akello, jirani yetu wa zamani, alinipigia simu kutoka Gulu wiki ile tuliyomzika baba. Habari alikuwa amezipata kwa madereva wa malori wa mtaa wa Sherikat, watu ambao hadi leo hujua nani amekufa Juba kabla hata nusu ya ukoo haijaambiwa. Alilia, akaomba kwa lugha yake, akanipa pole, akaniuliza kama nimekula. Halafu sauti yake ikabadilika. "Kiden, mimi iko na swali. Ile ndege ya mzee, ile ya mwaka wewe ulikuja, ilikuwa tatu ama ine?" Nikamwambia walikuwa wanne. "Hapana, ilikuwa tatu." Walikuwa wanne, nikasema, mmoja alikufa mapema. "Aa," akasema, "kumbe. Hiyo moja mimi nilisahau." Nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani kwa baba, mtaa wa Jebel. Wanawake wa ukoo walikuwa wakiosha sufuria nje, na wanaume chini ya turubai walikuwa wakisimulia jinsi marehemu alivyokuwa dereva hodari, jinsi alivyopita barabara ya Yei wakati ambapo hakuna mwingine aliyethubutu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini hakuna aliyewataja ndege, na tangu asubuhi nilikuwa najiona kama mtu aliyekosea akaingia kwenye matanga ya wenyewe. Nilipomaliza kuongea na Akello niliingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikakaa peke yangu na mwaka ule.

Nilifika Juba mwaka mmoja kabla ya kura ya maoni ya uhuru wa Sudan Kusini. Sitasimulia jinsi nyumba yetu ilivyogawanyika, maana vita viligawanya nyumba nyingi na hadithi zake zinafanana mno. Inatosha kusema kwamba mama alivuka mpaka akiwa amenifunga mgongoni, mimi bado natambaa, na baba akabaki. Nililelewa Nakuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili niliposhuka uwanja wa ndege wa Juba nikiwa na begi moja na kazi niliyoahidiwa papo hapo uwanjani, katika ofisi ya mizigo. Mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi likakakamaa, akanijia, akasimama mbali kidogo na kunyoosha mkono. "Mimi ni Wani," akasema, kana kwamba angeweza kuwa mtu mwingine yeyote. Nikamjibu kwamba mimi ni Kiden. Jina hilo alinipa yeye. Tulipeana mikono kama watu wawili wanaouziana gari.

Nyumba yake ilikuwa hii hii, nyuma ya soko la Jebel: vyumba viwili vya matofali, jiko la nje, ua uliozungushiwa mabati yaliyochakaa. Chumba cha nyuma alikuwa amenitengenezea. Alipaka kuta chokaa, akatundika pazia la maua, akanunua kitanda kipya ambacho vanishi yake ilikuwa bado inanuka. Kilikuwa kitanda cha mtoto. Tulisimama mlangoni sote wawili tukikitazama, kisha akanitazama mimi, toka kichwani hadi miguuni, na nikaona usoni mwake hesabu ikifanyika kwa kuchelewa. "Malesh," akasema, yaani samahani. Akatoka, akarudi na kreti ya soda, akaisukuma hadi mwisho wa kitanda na kuitandikia blanketi lililokunjwa. Mwaka mzima nililala miguu yangu ikiwa juu ya kreti ile. Angeweza kununua kitanda kingine, nami ningeweza kujinunulia changu kwa mshahara wa kwanza. Hakuna aliyethubutu. Leo nadhani kitanda kile ndicho zawadi ya kwanza aliyowahi kuninunulia, na alimnunulia mtoto ambaye hakuwapo tena. Wakati ule nilijua tu kwamba kreti inaumiza visigino.

Tulikuwa na shida ya lugha pia. Mama si wa kabila lake. Wao wawili walizungumza Kiarabu cha Juba, na Nakuru mama hakuwa na wa kuzungumza naye lugha hiyo, akanilea kwa Kiswahili. Baba naye Kiswahili chake alikiokota kwa Waganda barabarani, Kiswahili cha gurudumu, breki na mafuta. Kwa hiyo mezani tulikuwa na maneno machache mno. Asubuhi tulikula maharage ya ful yaliyopondwa kwa mafuta na kitunguu, mkate ukichovywa sahani moja. Jioni asida, ugali wa huko, na bamia, au mboga za majani zilizopikwa kwa karanga. Alikuwa na tabia ya kusukuma nyama upande wangu wa sinia bila kuniangalia. Nami nikawa na tabia ya kuirudisha. Nyama ikawa inazunguka hivyo, ikipoa, hadi mmoja wetu achoke. "Nakuru mvua iko?" angeuliza. Iko, ningesema. "Kwes," angejibu, vizuri, na hapo mazungumzo ya jioni yalikuwa yamekwisha.

Ndege walikuja kiangazi, wiki chache baada yangu. Mji wakati ule ulikuwa unajengwa kwa pupa. Kila siku hoteli mpya, uzio mpya, barabara mpya, na kila kitu kipya kilitaka mti mmoja mkubwa ukatwe. Jioni moja wafanyakazi wawili wa ujenzi walibisha hodi, vumbi limewafunika hadi kwenye kope, na mmoja wao alikuwa amebeba helmeti yake kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi. Waliuliza kama hapa ndipo kwa Wani wa ndege. Sikujua kwamba baba yangu anaitwa hivyo. Ndani ya helmeti, juu ya kitambaa, kulikuwa na vitu vinne vya rangi ya waridi, uchi kabisa, vichwa vikubwa, macho yamefumba, vikilaliana na kutetemeka. Makinda wa kasuku, wale kasuku wembamba wa kijani wanaopita juu ya Juba kila jioni wakipiga kelele. Mti waliokuwamo ulikuwa na shimo shinani mwa tawi, na sasa haukuwa na shimo wala tawi. Nilirudi nyuma. Baba hakurudi nyuma. Aliinama, akaingiza kidole, akagusa kila mmoja shingoni, na uso wake, ambao kwa wiki zote zile nilikuwa nimeuona umefungwa kama duka la siku ya mazishi, ukafunguka. "Hii bado hapana ndege," akaniambia. "Hii ni tumbo tu."

Nikajifunza usiku na mchana wa kazi ile kwa kumtazama, maana yeye hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa na boksi la katoni lenye maranda ya fundi seremala chini na vitambaa laini juu, na pembeni chupa ya maji moto iliyofungwa kwa soksi, kwa sababu kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha joto. Alikuwa na kijiko kidogo cha chai ambacho kingo zake alizikunja kwa koleo hadi kikawa kama mfereji. Uji wao ulikuwa wa unga wa mtama uliochekechwa mara mbili, ukapikwa ukaiva sawasawa, ukachanganywa na siagi ya karanga kidogo sana na kiini cha yai la kuchemsha. Kabla ya kuwapa aligusisha uji kwenye mdomo wake wa chini. Ukiwa wa moto sana unaunguza kifuko chao cha chakula, kile kilicho shingoni. Ukiwa baridi hauteremki, unachachia humo humo, na kinda anakufa ameshiba. Na kabla ya hayo yote aligusa kifuko. "Kama iko kama puto, subiri. Kama iko kama soksi tupu, pa chakula." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunipa hadi siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la tangi, kuvuta maji mtoni na kuyasambaza majumbani. Makinda walitaka kula kila baada ya muda mfupi, tangu alfajiri hadi giza, kwa hiyo aliwabeba. Boksi lilikaa kwenye kiti cha abiria, limefungwa mkanda. Wateja wake walimzoea: angefungua bomba, maji yakianza kuingia kwenye mapipa, angepanda tena kwenye lori, afungue chupa ya chai yenye uji, na mikono ile mikubwa iliyokaza nati za magurudumu ingeshika kichwa cha kinda kwa vidole viwili. Jumamosi moja nilipanda naye. Kwenye daraja la mto kulikuwa na msongamano, honi, boda zikipenya, askari akipuliza filimbi, na baba akiwa amezima injini katikati ya vurugu ile yote akisema "taali, taali," njoo, njoo, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Makinda walitikisa vichwa juu chini, wakipokea kijiko kwa nguvu utadhani wanataka kumeza na mkono. Nilitazama nje dirishani. Nilikuwa na hasira na sikujua ninamkasirikia nani. Mtu anaweza kuwaonea wivu ndege? Nakwambia anaweza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwenye kazi, mwenye kitambulisho cha uwanja wa ndege shingoni, na niliwaonea wivu vitu visivyo na hata macho.

Yule mdogo kuliko wote alikufa kabla hajafungua macho. Baba alimkuta asubuhi, ubavuni mwa wenzake, baridi. Alimtoa, akamfunga kwenye kipande cha gazeti, akamzika nyuma ya jiko kwa jembe, akanawa mikono, akaonja uji kwa mdomo, akaanza kuwalisha waliobaki. Yote hayo bila hata kuchelewa kazini. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe changu cha chai. "Ndiyo hivyo tu?" nikamwuliza. Akasema, "Hii ingine iko na njaa." Sijui ni kwa nini maneno yale ndiyo yaliyonifungua. Labda kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nikamwambia, kwa Kiswahili cha haraka cha Nakuru ambacho nilijua hatakishika chote, kwamba anajua hadi joto la uji wa ndege, anajua nani ameshiba na nani hajashiba kwa kugusa tu, na mimi je? Anajua nini kunihusu? Anajua napenda kula nini? Anajua niliwahi kuugua nini? Amewahi kuniuliza swali lolote lisilohusu mvua? Alinisikiliza hadi mwisho, kijiko mkononi. Nilichoshindwa kusema yeye alikishika hata hivyo, nililiona hilo machoni. Kisha akabeba boksi, akaenda kwenye lori, na nikasikia injini ikiwaka.

Akello alikuwa jirani yetu upande wa pili wa uzio. Alikuwa amekuja kutoka Uganda mara tu amani ilipotulia, akafungua kibanda cha chapati na chai sokoni, na alikuwa na umri wa kama miaka mitano au sita kunizidi. Jioni ile alikuja na chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti, akakaa bila kukaribishwa. "Nilisikia," akasema. "Hapa ukuta ni mabati. Hata mtu akikohoa mimi nasema pole." Nikamwuliza kama na yeye anaona nimekosea. Akafikiri huku akitafuna. "Wewe ilisema kweli. Lakini wewe ilisema kama mtu anarusha mawe. Mzee hajui kurusha, anajua kusimama tu." Siku zilizofuata baba nami tulikula kwenye sinia moja na hakuna hata mmoja aliyesukuma nyama.

Kisha akaugua. Ilianza kama malaria ya kawaida, akameza dawa, akaendesha lori siku mbili zaidi, na siku ya pili akaliegesha kando ya njia ya Jebel akashindwa kushuka. Watu walimleta hospitali. Mimi niliitwa nikiwa kazini, na nilipofika wodini alikuwa amelala macho nusu, drip mkononi, akiwa mrefu kupita kitanda. Muuguzi aliuliza mimi ni nani wake. "Binti yake," nikasema, na lilikuwa neno geni mdomoni. Baba akageuza kichwa. Nilidhani anataka maji. "Boksi," akasema. "Iko ndani ya gari. Kiden, gusa kwanza. Usipe kama hujagusa." Halafu homa ikamrudisha alikokuwa.

Ndivyo nilivyokuwa mama wa makinda watatu bila kutaka. Walikuwa wamefungua macho na walikuwa wakiota manyoya, yaani si manyoya bado ila vijiti, mwili mzima umejaa miiba midogo ya kijani kama nungunungu wa kuchezea. Nilipika uji saa ya kwanza ya mwanga, nikauonja kwa mdomo kama nilivyoona. Nikawabeba boksini hadi uwanja wa ndege nikiwa nimepanda boda, dereva akilalamika kwamba abiria wangu hawalipi. Ofisini niliwaficha chini ya meza, nyuma ya mafaili. Msimamizi wangu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa sauti kubwa na kalamu tatu mfukoni, na makinda wenyewe hawakunisaidia, kwa sababu njaa yao ina kelele kama ya bawaba kavu. "Hiyo ni nini?" akauliza, akasimama kabisa. Nikamwambia ni wagonjwa wa baba, na baba mwenyewe ni mgonjwa. Aliinama akachungulia. Nilikuwa tayari nimekwisha kujiona nje ya geti na barua mkononi. "Kiden," akasema, "hii ni ofisi ya mizigo ya ndege." Akangoja. Mimi sikucheka. "Basi si wamefika mahali pao," akasema, akacheka peke yake hadi akakohoa, na kuanzia siku hiyo wapakiaji mizigo wote wakawa wanapita mezani kwangu kuuliza hali ya abiria.

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Alasiri moja niligusa kifuko cha mmoja wao, mwenye kichwa kipana kuliko wenzake, na uji wa asubuhi ulikuwa bado umo, mzito kama udongo. Niliporudi nyumbani jioni ulikuwa bado umo, na alikuwa amekunja shingo, hataki kufungua mdomo. Nilimwita Akello kupitia uzio. Alikuja na taa, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Tulikaa jikoni, tukampa matone ya maji ya uvuguvugu tu, tone moja moja, nami nikamkanda shingoni kwa kidole kimoja, polepole kabisa, kama mtu anayelainisha bonge ndani ya mfuko wa unga bila kutaka kuutoboa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba niliona mtama ndani. Nilimkanda, nikampumzisha, nikamkanda. Sikuwa nawaza kuhusu baba, wala Nakuru, wala haki yangu. Kidole changu chote kilikuwa sikio. Na wakati fulani, sijui ni muda gani, kile kibonge kikasogea, kikalegea, kikaanza kushuka, na kinda akatikisa kichwa na kupiga kelele yake ya bawaba. Akello alipiga makofi, unga ukatimka. "Chakula imeshuka!" akasema. Mimi nilikuwa nalia, na bado nilikuwa namkanda. Ni hapo nilipoelewa kitu ambacho kijiko cha baba kilikuwa kikiniambia muda wote: kwamba hakuna mapenzi katika kazi ile yaliyo tofauti na kazi yenyewe. Hayatangulii wala hayafuati. Unagusa, unaonja, unangoja, na hayo ndiyo yenyewe.

Kesho yake nilipeleka chakula hospitali kabla ya jua kuwa kali. Wodi ilikuwa ya chini, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto, na nilipopita kwa nje nikasikia sauti ya Akello. Alikuwa amenitangulia na chai. Baba alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea sana kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa Kiswahili chake cha barabarani, na nikasimama na bakuli langu kwenye kivuli cha ukuta. "Ndege mtoto, mimi najua," alikuwa akisema. "Yeye nafungua mdomo, mimi naweka. Bas. Lakini huyu alikuja kubwa tayari. Iko na shule, iko na kazi, iko na lugha yake. Mdomo amefunga. Mimi naweka wapi, Akello? Nyama mimi nasukuma, yeye narudisha." Akello akasema kitu ambacho sikukisikia. Baba akasema, "Mimi naogopa kuuliza. Nikiuliza, yeye atajua mimi sijui kitu." Na hapo Akello, ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake, akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwangu na labda hadi getini: "Mzee, yeye najua tayari wewe hujui! Uliza tu!"

Sikuingia mara moja. Nilizunguka jengo, nikapita mlango wa mbele kama mtu anayefika sasa hivi. Nilimwambia habari za kifuko kilichochachia, nilivyokanda, maji niliyompa. Akauliza maji yalikuwa moto kiasi gani, nikagusa mdomo wangu wa chini. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Nilikuwa nimemletea supu ya nyama. Nilikata kipande, nikakiweka kwenye upande wake wa bakuli, naye akakila, kisha akasukuma kingine upande wangu. Nikakila. Akello alitutazama sote wawili, akachukua birika lake akaondoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Baba aliporudi nyumbani makinda hawakuwa makinda tena. Miiba ilikuwa imefunguka, mmoja mmoja, kama miavuli, na wakawa kijani kibichi chenye kung'aa, midomo ikageuka myekundu, mikia ikarefuka. Walipanda mabega yetu, wakatafuna kola za mashati ya baba, wakapasua karanga wenyewe na kutawanya maganda kwenye vitabu vyangu. Walipoanza kupigapiga mabawa, rafiki mmoja wa baba alimshauri awakate manyoya ya bawa wasiende mbali. Kasuku aliyefugwa kwa mkono, alisema, watu wa mahotelini wangempenda sana. Baba alimsikiliza kwa adabu, akampa chai, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi nilimwuliza atafanya nini. "Mimi hapana fuga ndege," akasema, kana kwamba nimemtukana kidogo. "Mimi nalisha tu, mpaka iweze."

Mvua za kwanza zilipokuja waliweza. Wa kwanza aliruka kutoka paa la jiko hadi kwenye mwarobaini wa jirani na hakurudi. Wa pili alirudi kwa siku chache kula karanga, kisha naye akaacha. Yule mwenye kichwa kipana, niliyemkanda, ndiye aliyebaki muda mrefu kuliko wote, akilala juu ya kamba ya nguo. Na jioni moja kundi lilipopita juu likipiga kelele aliinua kichwa, akajibu, akaondoka nalo. Hakuzunguka, hakututazama. Nilitafuta huzuni na nikakuta ipo, lakini si kubwa kama nilivyodhani. Baba alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha kamba uani, viwiko magotini, akitazama mahali walikopotelea. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulikaa hivyo, harufu ya mvua ikipanda kutoka ardhini, jenereta la jirani likianza kunguruma.

"Kiden," akasema. "Wewe ulitembea lini?"

"Kutembea kwenda wapi?"

"Hapana kwenda. Kutembea. Mguu. Mara ya kwanza."

Nikamwambia sijui. Mtu hakumbuki kitu kama hicho. Mama ndiye anayejua. Nilidhani yameishia hapo, kama yalivyokuwa yakiishia siku zote, na nikaanza kuinuka ili nianze kupika. "Piga yeye," akasema baba.

Hawakuwa wamesikiana sauti tangu vita viwatenganishe. Nilipiga Nakuru, na mama alipopokea nikamwambia kuna mtu anataka kumwuliza kitu, nikampa baba simu haraka kabla sijabadilisha mawazo. Alisimama. Alisimama wima kabisa, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Rebeka," akasema. "Ni Wani." Kisha, kwa Kiarabu cha Juba ambacho kufikia wakati huo nilikuwa nakifuata bila shida, akauliza lile swali lake. Sikumsikia mama. Nilimsikia baba tu. "Aiwa," alikuwa akisema, ndiyo. "Aiwa. Wapi? Kanisani?" Akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umefunguka. "Anasema ulitembea kanisani. Watu naomba, wewe uliacha mkono yake, ulienda peke yako mpaka kwa mchungaji, ulishika kanzu." Akarudi kwenye simu. "Alikuwa na viatu? Rangi gani?" Nikakumbuka kwamba salio langu ni dogo, nikakimbia kibandani kwa Akello kununua kadi nyingine, nikaikwangua nikiwa bado nakimbia. Niliporudi alikuwa hajaketi. Alikuwa anatembea kutoka jikoni hadi getini na kurudi, simu imebanwa sikioni, mkono mwingine umefunika sikio la pili ili jenereta lisimpotezee neno.

"Sasa meno, Rebeka," alikuwa akisema. "Niambie ya meno."